Tusiwafukuze wenye baiskeli katika njia za mawese

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kuona bidhaa za Kigoma zikipangwa kwa dumu, kwa ndoo na kwa gunia: mawese, mise, dagaa, migebuka, maharage na mihogo. Katika kila bei inayotajwa imo gharama moja ambayo haiandikwi peke yake, nayo ni gharama ya kuutoa mzigo shambani na kuufikisha sokoni. Kwa mkulima mdogo wa michikichi, gharama hiyo mara nyingi hubebwa na kijana mmoja, baiskeli moja yenye kerea ya nyuma iliyoimarishwa kwa nondo, na njia ya vumbi.

Njia hiyo ya vumbi ndiyo hoja yetu wiki hii. Siku hizi kila mkutano wa hadhara unadai lami, na ni haki ya wananchi kuidai. Lakini katika kudai lami tumesahau jambo moja. Njia ndogo za changarawe zinazopita katikati ya michikichi, ambazo gari halipiti au hupita kwa nadra, ni mali ya soko. Zikipanuliwa ovyo na kugeuzwa njia za malori bila kumwekea mwenye baiskeli mahali pake, mwuzaji mdogo ndiye atakayelipa, na baada yake mlaji.

Hesabu ya madumu matatu

Tuanze na uzito. Lita moja ya mawese ina uzito wa gramu 900 na ushei. Dumu la lita 20 kwa hiyo lina kilo 18 au zaidi kidogo. Kijana anayefunga madumu matatu amebeba kilo zisizopungua 54, juu ya baiskeli ya chuma ambayo yenyewe inakaribia kilo 20. Mzigo huo hauruhusu mchezo. Breki za fimbo hazishiki vizuri katika mteremko, usukani huwa mzito, na akilazimika kutoka barabarani ghafla hawezi kuirudisha baiskeli kwa urahisi.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu tu, usiokuwa bei ya soko. Tuseme kijana huyo analipwa shilingi 2,000 kwa kila dumu. Safari nzima inampa shilingi 6,000. Lori likimpita kwa karibu, akaingia mtaroni na dumu moja likapasuka, mwenye mali atadai thamani ya lita 20 za mafuta. Ujira wa siku umekwisha na deni limeanza. Na hapo tunahesabu mafuta peke yake, hatujagusa mguu uliovunjika wala rimu iliyopinda. Ndiyo maana wabebaji wazoefu hukubali kuzunguka njia ndefu ya vumbi kuliko kupita njia fupi yenye magari. Si ushamba. Ni hesabu ya hasara na faida, sawa na ile anayoifanya mwenye duka.

Kata kama Katubuka, upande wa uwanja wa ndege, ni mahali ambapo mji unakutana na shamba. Nyumba zinaongezeka, viwanja vinapimwa, na kila kiwanja kinachopimwa bila kuacha njia kinakata kijia kilichokuwa kikitumika miaka mingi. Hakuna anayetangaza kuwa njia imefungwa. Unajengwa ukuta, kunachimbwa msingi, na mwenye baiskeli anajikuta hana budi kuingia barabara kuu pamoja na mabasi, malori na bodaboda.

Mavuno yanaongezeka

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha mkoani Kigoma kampeni ya kufufua zao la michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora aina ya tenera, inayotoa mafuta mengi kuliko dura ya wazee wetu. Sababu ilikuwa wazi: nchi yetu inatumia fedha nyingi za kigeni kuagiza mafuta ya kula. Tenera huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Maana yake ni kwamba miche iliyogawiwa wakati huo imekwisha kuingia katika mavuno, na mingine inafuata.

Chikichi nalo halisubiri. Mkungu ukishakatwa, ubora wa mafuta huanza kushuka katika muda wa siku moja au mbili, kwa sababu asidi huongezeka ndani ya tunda. Mafuta yenye asidi nyingi hupata bei ya chini kwa mnunuzi wa kiwandani, hata kama mwanamke wa nyumbani atayapikia bila kulalamika. Mkulima mwenye shina 30 au 40 hawezi kukodi lori kwa mikungu michache anayokata kila baada ya siku kadhaa. Anahitaji usafiri mdogo, wa mara kwa mara, unaopatikana leo. Huo ni baiskeli.

Wako watakaosema kuwa bodaboda imekwisha kushinda, na kuzungumzia baiskeli ni kurudi nyuma. Pikipiki ina kasi, hilo halina ubishi. Lakini pikipiki inakunywa petroli, na petroli inafika Kigoma baada ya kusafiri zaidi ya kilometa 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mwezi Mei 2022 bei ya petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita hata Dar es Salaam penyewe. Kila petroli inapopanda, nauli ya dumu inapanda, na mkulima analipwa kidogo zaidi. Baiskeli haina habari na bei ya mafuta duniani. Soko lenye njia mbili za usafiri lina nguvu ya kujadiliana bei. Soko lenye njia moja linapangiwa.

Wafaransa walifanya nini

Tusidhani kuwa kuzitunza njia zisizo na magari ni kazi ya maskini. Ufaransa, nchi yenye barabara kuu za kila namna, imefanya hivyo katika mashamba yake ya mizabibu, na imefanya kwa faida. Mwaka 1997, katika jimbo la Saône-et-Loire huko Burgundy, ilifunguliwa njia ya baiskeli kati ya Givry na Cluny, yenye urefu wa kilometa 44 hivi, juu ya tuta la reli iliyokuwa haitumiki tena. Gari haliruhusiwi. Karibu na hapo, kati ya Beaune na Santenay, njia nyingine inapita katikati ya mizabibu, kupitia vijiji vya Pommard, Volnay na Meursault. Kwa sehemu kubwa inatumia vijia ambavyo wakulima walikuwa navyo kwa ajili ya kazi zao za shamba.

Tuzingatie jambo hilo la mwisho. Wafaransa hawakuanza kwa kumjengea mtalii. Vijia vilikuwepo, vikitumiwa na matrekta ya wakulima. Kilichofanyika ni kuviunganisha, kuviwekea alama, na kuamua kuwa mkulima na mwenye baiskeli watapita, mpita njia wa gari atatafuta barabara yake. Faida ikaja kwa mlango wa pili. Mgeni anayekwenda polepole husimama. Akisimama hununua divai kwa mkulima mwenyewe, kwa bei ya mlangoni, na hulala kijijini. Mwaka 2015 mashamba hayo ya Burgundy yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sisi Tanzania zabibu zetu ziko Dodoma, lakini Kigoma ina michikichi, ina kahawa ya Kalinzi, na ina historia ambayo Burgundy haina. Ujiji ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na ndipo misafara ya pembe na watumwa ilipoanzia safari ya miguu hadi pwani. Biashara ya sehemu hii ya nchi ilipita katika vijia kwa muda mrefu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Mgeni anayekuja kuona sokwe wa Gombe hupanda boti, hurudi, na huondoka. Kati ya hoteli na uwanja wa ndege hanunui hata kibaba cha mawese. Njia salama ya baiskeli kutoka mjini, kupitia Katubuka, hadi Ujiji na mashamba ya bonde la Luiche ingempa sababu ya kulala siku moja zaidi, na ingempa kijana wa Ujiji kazi ya kukodisha baiskeli na kumwongoza.

Hata hivyo tusijidanganye. Mtalii ni nyongeza tu. Kama njia haimfai mbeba madumu kwanza, haitadumu, kwa sababu hakuna atakayeilinda wakati wageni hawapo.

Kinachowezekana kwa fedha ndogo

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, halmashauri mbili, ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji na ya Wilaya ya Kigoma, zikae pamoja na viongozi wa kata na kuorodhesha vijia vinavyotumiwa na wabebaji. Kijia kisichoandikwa popote hakina wa kukitetea siku wapima viwanja wanapofika. Kikiwa katika ramani ya mji, mnunuzi wa kiwanja atajua mapema kuwa hawezi kukijengea ukuta.

Pili, TARURA, ambayo tangu 2017 ndiyo yenye dhamana ya barabara za vijijini na mijini, itengeneze vijia hivyo kwa kiwango cha changarawe tu. Kinachoharibu njia ya baiskeli ni maji. Mitaro, makalavati machache na moramu iliyoshindiliwa vizuri vinatosha. Njia yenye upana wa mita mbili, isiyobeba malori, haichakai kama barabara ya magari, na kikundi cha vijana wa kata kinaweza kuifukia mashimo baada ya masika. Nguzo mbili za zege penye mlango wa njia zinatosha kulizuia gari.

Tatu, pale ambapo hakuna njia nyingine isipokuwa lami, kama ilivyo kwa anayeteremka kutoka milima ya Kalinzi na Manyovu kwenda ziwani, TANROADS ihakikishe mabega ya barabara ni mapana, yana usawa na lami, na hayageuzwi maegesho ya malori. Milima ile inafikia mita 1,500 na zaidi, na ziwa liko katika mita 770 hivi. Mteremko wa namna hiyo, kwa mtu mwenye kilo 54 nyuma yake, ni suala la uhai.

Nne, sokoni. Mwenye baiskeli apewe mahali pa kuegesha na kupimia mafuta bila kusukumana na mikokoteni na magari. Tena akumbukwe kuwa mwaka 2017 Serikali ilifuta ushuru wa mazao kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Baiskeli haijawahi kubeba tani moja. Mbebaji anayetoka vijijini na kuingia mjini na madumu yake ajue haki hiyo, na wakusanya ushuru nao waijue.

Wafanyabiashara wakubwa wasidhani hili si lao. Mwenye ghala anayesubiri mafuta ayajaze kwenye mapipa na kuyapakia kwenye behewa anategemea mamia ya madumu yaliyofika moja moja. Njia za chini zikikatika, ghala la juu halijai. Aidha, asiyejali usalama wa mbebaji ataujali siku atakapoambiwa kuwa nauli ya dumu imepanda maradufu kwa sababu waliobaki ni wenye pikipiki peke yao.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hupitia kwenye kata miezi kadhaa kabla. Wakulima wa michikichi, wachuuzi wa mawese na wabebaji wenyewe wana diwani, wana mwenyekiti wa mtaa na wana haki ya kuhudhuria mikutano. Waende na orodha ya njia zao mkononi, wataje kila kijia kwa jina lake, na wadai kiandikwe.