Tulimwonea Mama Aibu Bure

Mwezi huu tumeona tuwasimulie jambo letu wenyewe, ingawa linatutia haya. Huenda na ninyi mmewahi kulifanya, au mko njiani kulifanya.

Mama yetu alitimiza miaka 70 mwaka jana. Sisi binti zake watatu, pamoja na kaka yetu na mkewe, tulikutana ili kupanga namna ya kumpongeza. Tulifikiria kupika pilau nyumbani na kuita majirani. Kaka akasema, "Mama amepikia watu pilau maisha yake yote. Safari hii na yeye akae, aandaliwe." Ndipo ulipotajwa mgahawa mmoja wa Kichina wa hadhi ya juu hapa Dar es Salaam, wenye vitambaa vyeupe mezani na mlinzi wa kukufungulia mlango wa gari.

Wote tulifurahi, kisha tukanyamaza. Kila mmoja alikuwa na wazo lile lile, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa. Hatimaye likatoka: "Lakini Mama atakulaje kule?"

Mama anakula kwa mkono. Meno yake yamebaki machache. Tena akiongea, husikika hadi nyumba ya tatu. Mmoja wetu akashauri kwamba twende sisi, halafu tumletee Mama chakula kilichofungashwa, maana "huenda asijisikie huru". Tulilijadili shauri hilo kwa robo saa nzima, kana kwamba lilikuwa jambo la maana! Wifi yetu ndiye aliyelikata. Aliuliza kwa upole, "Kwani anayetimiza miaka 70 ni nani?"

Basi Mama akaenda. Lakini kabla ya kutoka tulimpa masharti kama mtoto wa shule: Mama, kule hawali kwa mkono. Mama, usiongee kwa sauti. Mama, usiulize bei. Alitusikiliza huku akifunga kitambaa chake kichwani, akajibu tu, "Haya, wanangu."

Tulipofika, tulioanza kutahayari ni sisi. Kila mmoja alifungua orodha ya vyakula na kujichagulia sahani yake, kama tulivyozoea kuagiza chipsi kuku. Binti aliyetuhudumia alimwamkia Mama kwanza, "Shikamoo Mama," kisha akatueleza kwa adabu kwamba Wachina hawaagizi hivyo. Vyakula vyote huwekwa katikati, na kila mtu huchukua kidogo kidogo. Kwa watu sita, alisema, chagueni aina tano au sita tofauti: samaki, nyama, mboga, kitu cha kukaanga, na supu moja. Wali uje kwa wote.

Mama akacheka. "Kumbe ni sinia!" alisema, na kwa sauti ile ile tuliyomkataza.

Na kweli lilikuwa sinia, tena la kioo, linalozunguka katikati ya meza ya duara. Unalisukuma polepole hadi chakula unachokitaka kifike mbele yako. Sharti lake ni moja: angalia kwanza kama kuna mtu anachota, usije ukamwondolea bakuli wakati kijiko chake kiko njiani.

Wifi yetu ni Msabato, naye hali nguruwe wala kamba. Tulidhani kwamba tukiepuka nyama ya nguruwe na sahani za kamba, tumemaliza. Yule binti akatufungua macho. Katika mapishi ya Kichina, mboga za majani mara nyingi hutiwa mchuzi mzito uliotengenezwa kwa chaza wa baharini. Vyakula vingine hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na nyama nyingi huloweshwa katika pombe ya mchele kabla ya kuingia karaini. Kwa hiyo, msomaji, kama una mwiko wa imani au una mzio, usione haya kuuliza kabla ya kuagiza. Sisi tuliomba mboga zikaangwe kwa kitunguu saumu na mafuta ya mimea tu, na zikaja hivyo bila manung'uniko.

Chai ilitangulia. Haikuwa na maziwa wala sukari, ilikuwa na harufu ya maua ya asumini. Tulijifunza kwamba mezani kwa Wachina mtu hajimiminii yeye kwanza. Unaangalia vikombe vya wenzako, unaanza na mkubwa wa umri, halafu ndipo ujaze chako. Wenyeji wa Guangdong, kusini mwa China, wakimiminiwa chai hugonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong alisafiri bila kujitambulisha, akammiminia chai mtumishi wake. Yule mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kufichua siri, basi akayapigisha magoti vidole vyake. Iwe kweli au ngano, Mama aliipenda. Jioni nzima aligonga meza kila kikombe chake kilipojazwa.

Vijiti vilitutesa. Kaka aliudondosha uyoga mara tatu. Mama alivitazama, akaviweka kando, akaomba kijiko, akapewa kijiko. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hofu yote ile tuliyoibeba kutoka nyumbani iliishia hapo, kwenye kijiko kimoja cha kaure!

Ukitaka kujaribu vijiti, kimoja kilaze kati ya kidole gumba na kiganja, kitulie bila kucheza. Cha pili kishike kama kalamu, hicho ndicho kinachopanda na kushuka. Ukichoka, viweke juu ya kigawe chake au ukingoni mwa bakuli. Usivichomeke wima katika wali, kwa maana vinafanana na ubani unaowashwa kwa ajili ya marehemu, na mwenyeji wako atasikitika. Nasi tulielewa kwa nini mezani hapakuwa na kisu. Kazi ya kisu imekwisha jikoni. Nyama na mboga hukatwa ndogo ndogo, ziive upesi katika karai lenye moto mkali bila kula kuni nyingi.

Mboga zilipoletwa Mama aliinama akazitazama. "Hii si chainizi hii?" Ilikuwa chainizi kweli, au ndugu yake wa karibu, ile ile tunayoinunua sokoni kwa mafungu. Ndipo Mama akatupa hadithi ambayo hatukuwahi kuisikia.

Alisema Wachina aliwajua kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwa msichana kule Mlimba wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, na baba yake alikuwa kibarua. Reli ile ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwa sababu ya milima, mahandaki na madaraja. Mama alikumbuka bustani za mboga kwenye kambi za Wachina, matuta yamenyooka kama yamepigwa rula. Alikumbuka pia siku walipolia kwa ajili ya mwenzao. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika kazi ile, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto hadi leo. "Walikuwa vijana," Mama alisema. "Na wao walikuwa na mama zao."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumemwona Mama kama mtu ambaye hajui lolote la mahali pale. Kumbe mezani petu yeye peke yake ndiye aliyewahi kuishi jirani na Wachina.

Samaki akaja mzima, amepikwa kwa mvuke, ana tangawizi na vitunguu majani juu yake. Binti aliligeuza sahani hadi kichwa cha samaki kikamwelekea Mama. Alieleza kuwa kichwa huelekezwa kwa mgeni wa heshima, na yeye ndiye huanza kuchota. Samaki kwa Kichina hutamkwa sawa na neno la ziada, hivyo kumweka mezani ni kama kuombea nyumba isipungukiwe. Na kwa watu wa pwani ya kusini, upande mmoja ukiisha hawamgeuzi samaki, maana ni kama kupindua mtumbwi wa mvuvi. Huinua mfupa wa katikati na kuendelea kula.

Tulipokuwa wadogo, Mama alikula kichwa cha samaki siku zote. Alisema anakipenda. Tuliamini hivyo hadi tulipopata watoto wetu, tukajikuta na sisi tunapenda vichwa. Usiku ule Mama alichota mnofu wa kwanza, wa tumboni, laini, akala wote. Kichwa tukagawana sisi.

Sasa tuseme habari za bata. Kaka alikuwa amemwagiza kwa simu siku moja kabla, na nanyi mfanye hivyo, kwani bata wa mtindo wa Beijing haandaliwi kwa dakika 20. Hupulizwa hewa kati ya ngozi na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa sharubati ya kimea, kisha hutundikwa akauke kwa saa nyingi kabla ya kuokwa. Mjini Beijing iko nyumba maarufu ya bata, Quanjude, iliyofunguliwa mwaka 1864, nayo huwatundika katika tanuri la kuni za miti ya matunda. Ngozi hutoka nyekundu ya kung'aa, na ukiiuma inalia kama kaukau.

Mpishi alimkata mbele yetu vipande vyembamba. Vikaja na chapati ndogo nyembamba mno, matango, vitunguu majani na mchuzi mzito mtamu. Kila mmoja wetu alishika vijiti na kujaribu kukunja chapati. Haikukunjika. Mchuzi ukatuchafua. Yule binti akatuonea huruma. "Hiki," alisema, "huliwa kwa mkono."

Mama alitugeukia mmoja mmoja. "Si mlisema mkono hapana?"

Tulicheka hadi watu wa meza ya pili wakacheka nasi. Chakula cha heshima kuliko vyote usiku ule kilikuwa cha kuliwa kwa mkono, na mezani petu fundi wa kukunja alikuwa Mama. Alikunja cha kwake, kisha akaanza kutukunjia sisi na kutuwekea kwenye sahani zetu, kama alivyokuwa akitumegea matonge utotoni.

Mwisho akatokea mama mmoja wa Kichina wa makamo, msimamizi wa mahali pale. Alikuwa amesikia habari za miaka 70. Alileta bakuli la tambi ndefu na kumpa Mama kwa mikono miwili. Ni desturi yao kula tambi siku ya kuzaliwa, na tambi hizo hazikatwi, kwa kuwa urefu wake ni kuombeana maisha marefu. Mama akasema meno yake hayatoshi. Mwenyeji akamwonyesha kwa ishara kwamba hapana haja ya meno, azivute tu, hata zikitoa sauti si kosa. Wakatazamana wale mama wawili, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakaelewana.

Bili ilikuwa nzito, hatuwafichi. Tulikuwa tumechanga miezi mitatu, kila mtu kidogo kidogo. Kama mnapanga jambo kama hili, pigeni simu kwanza kuulizia bei, na muulize pia kama kodi na gharama ya huduma zimo ndani yake au zinaongezwa mwishoni. Msiagize kwa macho. Kikibaki chakula, ombeni wawafungashie. Watoto wetu walikula wali na mabaki ya bata kesho yake mchana.

Lakini gharama kubwa zaidi ilikuwa ile ambayo tungeilipa kama Mama angebaki nyumbani. Tungerudi na chakula kimepoa katika boksi, bila habari za Mlimba, bila kumwona akila mnofu wa kwanza. Wala tusingejua tulichokikosa.

Akina mama wenzetu, wengi wetu tumesoma, tumepata kazi, tunaingia mahali ambapo wazazi wetu hawakuwahi kuingia. Hilo si kosa. Kosa ni pale tunapowaficha ili tusionekane tumetoka wapi. Meza ile tuliyoiogopa ilikuwa na kanuni ambazo Mama alitufundisha tungali wadogo: mkubwa aanze, mjazie mwenzako kabla yako, usimwondolee mwenzio chakula mkononi. Aliyezisahau si yeye.

Je, yuko mzazi nyumbani kwako ambaye umekuwa ukimletea vilivyofungashwa tu? Si lazima iwe kwa Wachina, wala si lazima iwe ghali. Mchukue, mkae naye, mwache aongee kwa sauti yake.

Kabla ya kuondoka Mama aligonga meza kwa vidole viwili, mara moja kwa kila mmoja wetu. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima.