Msiguse

Neno walilolisikia wanafunzi wangu kuliko lolote lingine ndani ya jumba la makumbusho ni "msiguse". Na aliyelitamka kwa sauti kubwa kuliko wote hakuwa mlinzi wa jumba lile. Nilikuwa mimi, mwalimu wao mkuu, fimbo kwapani.

Ilikuwa katika miaka ya 1980. Tulikwenda kwa lori la kukodi, watoto wa Darasa la Saba wakiimba njia nzima. Tulipofika niliwapanga mstari, nikawaamuru watoe madaftari na kunakili maandishi yaliyobandikwa chini ya kila kitu. Wakanakili. Mvulana mmoja alisimama mbele ya kinyago cha Kimakonde, kile cha watu wengi waliobebana katika gogo moja, akasahau daftari lake. Alikuwa akizungusha kidole hewani, akiifuata mikunjo ya mti ule. Nikamgonga begani nikamwambia, "Andika!" Akaandika. Kama alifaulu mtihani au hakufaulu sikumbuki, lakini kidole kile nakiona hadi leo.

Kwa hiyo nisemapo kwamba tunawanyima watoto wetu kitu kikubwa, msomaji asidhani najitoa katika kundi la wakosaji.

Arusha yetu haina upungufu wa majumba. Boma walilolijenga Wajerumani mwaka 1900 limekuwa makumbusho ya elimu viumbe tangu mwaka 1987. Karibu na Mnara wa Mwenge ipo Makumbusho ya Azimio la Arusha, iliyofunguliwa mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio lenyewe. Kwenye barabara ya kwenda Dodoma limesimama jengo la Cultural Heritage, lililojengwa kwa mfano wa ngoma, ngao na mkuki, na ndani yake mna picha na vinyago vya kila namna. Sasa nenda Ngarenaro, nenda Kaloleni au Sekei, uwaulize wazazi ni lini wameingia humo na watoto wao. Wengi watakucheka. Watasema huko ni kwa wazungu, au ni kwa safari ya shule, mara moja, kabla ya mtihani.

Ninachodai ni hiki: kila jumba lenye kazi za sanaa liwafungulie familia mlango Jumamosi moja ya kila mwezi, mwaka mzima, nao waingie si kutazama tu bali kutengeneza. Baba, mama, bibi na watoto waketi mkekani, mikono ikiwa na udongo. Nasema mwaka mzima kwa makusudi. Siku moja ya sherehe, yenye mgeni rasmi, hotuba na turubai la kukodi, haimfundishi mtoto lolote ila kupiga makofi. Mkono hujifunza kwa kurudia. Masika, udongo ukiwa laini, wafinyange. Juni na Julai, baridi ya Meru inapobana na shule zimefungwa, wakae ndani watunge shanga. Miezi ya kiangazi wachore nje kwa mkaa. Desemba, wajukuu wanapokuja kutoka Dar es Salaam na Mwanza, wafume magome ya migomba kama tulivyofanya sisi tukitengeneza mipira.

Naambiwa hakuna fungu. Fungu la nini? Mkaa upo katika kila jiko. Migomba imejaa kutoka Tengeru hadi Poli. Walimu ndio hao akina mama wa Kimaasai na wa Kiarusha wanaouza shanga barabarani, wanaohesabu rangi na safu bila karatasi wala kalamu na hawakosei. Walipwe posho ya siku, waitwe walimu. Sisi tuliosomea chuo cha ualimu tungeketi nyuma yao tukajifunza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wazazi. Jumamosi ni siku ya tuisheni. Mtoto wa miaka tisa anaamka gizani siku tano, na ya sita anapelekwa tena kwenye chumba cha mabati kukariri majibu ya mitihani iliyopita. Ukimwuliza baba yake kuhusu kuchora, anakujibu, "Mwalimu, mwanangu hatakuwa mchonga vinyago." Wako wanaomjibu kwa fedha. Watamtajia Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya masonite, na leo mtindo wenye jina lake unauzwa hadi ng'ambo. Mimi sipendi jibu hilo. Watoto wengi hawatauza picha hata moja, na haidhuru. Anayechora jani la mgomba hulazimika kulitazama, na huko kutazama ndiko tulikokuwa tukikutafuta katika somo la sayansi tukakukosa.

Tena tusijifanye kwamba jambo hili ni geni katika milima hii. Sam Ntiro, mtoto wa Uchagani aliyezaliwa mwaka 1923, alichora migomba, mavuno na shughuli za nyumbani kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la Museum of Modern Art huko New York. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alishiriki kuanzisha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, akatumia maisha yake kupiga vita kunakili. Kunakili! Jambo lile lile nililowaamuru watoto wangu walifanye mbele ya kinyago.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, aliye Darasa la Pili, alikuwa kwangu Usa River. Nilimwambia achore mlima. Alichora mlima mpana, bapa juu, wenye theluji. "Huu ni upi?" nikamwuliza. Akasema ni mlima. Nikamgeuza kuelekea Meru, ambao asubuhi ile haukuwa na wingu hata moja. Akautazama, akatazama karatasi yake, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mzee, "Babu, ule si mlima wa kwenye kitabu."

Huyo amezaliwa chini ya Meru. Anaamka nao na kulala nao.

Nilimpa kipande cha mkaa na upande wa pili wa kalenda ya zamani. Simu yangu niliiacha ndani. Tulikaa barazani karibu saa mbili, mimi nikichora wangu na yeye wake, na wa kwangu ulikuwa mbaya kuliko wake. Alifuta kwa kiganja mara nyingi, gauni likachafuka, mama yake akapaza sauti kutoka jikoni. Alipofika upande wa mashariki, pale mlima ulipobomoka maelfu ya miaka iliyopita, mkono wake ulisimama. Akaniuliza ni nani aliyeuvunja.

Tulikwenda naye Momella Jumapili yake kuuangalia kwa karibu.