Mgeni Mpe Jembe, Usimpe Mtoto

Tahadhari hii inatolewa mapema kwa makusudi. Ifikapo Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani hufungwa, na ndege zinazotua Kilimanjaro, Mombasa na Nairobi huleta vijana waliolipa kampuni za safari ili waje "kusaidia watoto" kwa wiki mbili au tatu. Wengi wao wana nia njema kabisa. Lakini mlango anaopita mwenye nia njema ndio anaopita mwenye nia mbaya, na mahali pengi mlango huo hauna bawabu. Mzazi, mwalimu mkuu, mlezi wa kituo, dereva wa watalii: soma haya kabla msimu haujaanza.

Matthew Durham, kijana wa Oklahoma, alianza kuja Kenya kujitolea mwaka 2012, akiwa hajatimiza miaka 20. Alirudi tena na tena, akazoeleka. Katika safari yake ya mwisho, mwaka 2014, aliomba asilale kwa familia mwenyeji bali alale kituoni, waliko watoto. Akapewa kitanda. Aliyeshuku mwenendo wake alikuwa mlezi wa kituo, na hapo ndipo ikabainika kwamba alikuwa akiwadhulumu watoto kingono. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40.

Simon Harris, Mwingereza, aliendesha shirika lililoleta vijana wa kwao kufundisha katika shule za Kenya. Watoto wa mitaani wa Gilgil walimjua kama mtu wa chakula na fedha. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham ilimhukumu miaka 17 na miezi 4 kwa aliyowatendea watoto hao.

Gregory Dow, Mmarekani, alifungua makao ya watoto Bomet mwaka 2008. Miaka 12 kabla ya hapo, kule Iowa, alikuwa amekiri kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Faili lilibaki Marekani. Bomet alifika kama mfadhili. Mwaka 2021 alifungwa miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhulumu wasichana waliokuwa chini ya uangalizi wake.

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyevunja mlango. Walifunguliwa, wakapewa kiti, wakashukuriwa. Na wote walihukumiwa kwao, watoto wakiwa wamekwisha kuumia huku kwetu.

Sasa tuwaache wahalifu, tumtazame mgeni mwema. Anaingia uani, watoto wanamkimbilia, wanamng'ang'ania shingoni na kugombea mikono yake. Anapiga picha, anaandika kwamba watoto hawa wamejaa upendo. Mama yeyote wa Kiafrika angeshtuka. Mtoto mdogo mwenye kwao akimwona mtu asiyemjua hujificha nyuma ya kanga ya mama yake, akachungulia kwanza. Anayemrukia kila apitaye huenda amekosa wa kumrudia. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao. Waliohamishiwa katika familia za malezi waliendelea vizuri zaidi, kiakili na katika kushikamana na mlezi, kuliko waliobaki makaoni. Mgeni wa wiki tatu humfundisha mtoto kupenda, kisha hupanda ndege. Jumatatu anakuja mwingine, na somo linaanza upya.

Baya zaidi hutokea mbali na kituo, kijijini. Mtu aliyevaa vizuri hufika kwa mama mjane au baba asiye na kazi, akasema: nipe huyu mtoto, atasoma Kiingereza, atakula mara tatu, wazungu watamlipia ada. Mzazi husaini karatasi asiyoielewa. Huko mjini mtoto yuleyule hutambulishwa kwa wageni kuwa yatima. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba watoto wasiopungua wanne kati ya watano wanaoishi katika makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mgeni analipa, kituo kinahitaji watoto wa kumwonyesha, na watoto wanatafutwa. Mtoto akionekana ameshiba na amevaa viatu, mchango hupungua. Kwa hiyo wako wanaowaacha watoto na matambara makusudi. Australia, ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, ilikubali kwamba usafirishaji wa watoto kwenda vituo vya mayatima ni sura mojawapo ya utumwa huo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilitaja madhara ya kujitolea katika makao ya watoto.

Kwa hiyo, yafanyike haya, na yafanyike sasa.

Mzazi, usimtoe mtoto kwa ahadi ya ufadhili. Mfadhili wa kweli anaweza kulipa ada, sare na bima mtoto akiwa nyumbani kwako. Anayesisitiza kwamba lazima mtoto aondoke, mkatalie, kisha mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu aeleze shida yake mbele ya watu. Ikiwa mtoto amekwisha kuondoka, nenda ukamtazame bila taarifa. Kituo kinachomzuia mzazi kumwona mwanawe kina la kuficha.

Mwenye kituo, mwombe mgeni yeyote cheti cha polisi cha nchi yake kabla hajapanda ndege, na barua za watu waliomsimamia. Asilale kituoni. Asimwogeshe wala asimvalishe mtoto, asikae naye chumbani peke yake, asimtoe nje ya geti, asipige picha. Atakayekasirika kwa masharti haya, mwache aende, umeepusha jambo.

Mwalimu mkuu, visa ya utalii si kibali cha kufanya kazi darasani. Na kijana asiyeruhusiwa kufundisha shule ya kwao bila cheti hapaswi kufanya majaribio kwa darasa lako la pili.

Dereva na mwongoza watalii, ukiombwa kuwapeleka wageni "kuona mayatima" kati ya safari ya Ngorongoro na ile ya sokoni, sema hapana. Nyumba ya watoto si hifadhi ya wanyama.

Nawe kijana unayezungumza Kiswahili ukisoma Uingereza, Marekani au Kanada, unayetaka kurudi kujitolea ili uijue asili yako: Kiswahili chako hakikuondolei masharti. Badala ya kituo, tafuta shirika linalowarudisha watoto katika familia zao. Rwanda ilianza njia hiyo zaidi ya miaka 10 iliyopita. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga watoto walelewe katika familia. Tanzania, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, makao ya watoto sharti yawe na leseni. Iombe uione kabla hujatoa hata senti.

Kwa yeyote mwenye shaka: Tanzania, Kenya na Uganda, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni moja, 116. Usingoje ushahidi wa mahakamani. Mlezi yule aliyemgundua Durham hakuwa askari. Alikuwa na macho, na hakumchukulia mgeni kuwa mtu asiyeshukiwa.

Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayekuja kusaidia anazo kazi tele: kisima kinahitaji kuchimbwa, paa la darasa linavuja, ada za watoto wa jirani hazijalipwa. Mpeni jembe. Mtoto abaki mkononi mwa atakayekuwapo mwakani.