Maktaba ya Chuo Isiishi kwa Hiba

Barabara itokayo Bunju ikapita hapa kwetu Mapinga hufika Bagamoyo, mji ambao, fauka ya sifa zake za kale, una Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichoasisiwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania; na kwa kuwa sisi tu majirani wa mahali wanapofunzwa wakutubi, naona yatupasa kunena juu ya dhima yao iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kukhitari vitabu.

Vitabu huingia katika maktaba ya chuo kikuu kwa milango mitatu. Wa kwanza ni ununuzi, ambapo mwalimu huorodhesha vitabu vya somo lake, na mkutubi akailinganisha orodha hiyo na vilivyomo rafuni, kisha akaagiza kwa kadiri ya fungu alilopewa. Wa pili ni sheria, kama ile ya mwaka 1962 iliyowalazimu wachapaji kupeleka nakala za kazi zao kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wa tatu ni hiba za wahisani wa ng'ambo. Na kwa kuwa fedha ni haba, mlango huu aghalabu huachwa wazi, hata rafu zikajaa matoleo yaliyopitwa na wakati.

Simkanyi mtu kushukuru ihsani. Lakini kitabu cha bure nacho kina gharama: sharti kiorodheshwe, kipewe nafasi, na kilindwe na unyevu wa pwani yetu. Kwa hiyo hiba nayo haina budi kuulizwa swali lile lile la ununuzi, yaani ni mwanafunzi gani atakayeisoma, na kwa somo lipi.

Na vilivyo vyetu havitaletwa na kasha la mhisani. J. W. T. Allen, aliyeitafuta miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika pwani hii, hakungoja iletwe, na orodha yake ya miswada iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, iliyochapwa Leiden mwaka 1970, yaonyesha faida ya kutafuta kwa makusudi. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mtungaji wake mkuu, kilichapwa Göttingen mwaka 1903. Chuo kikitakacho hakina budi kukitafuta na kukilipia.

Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, ilikusudiwa kubeba vitabu vipatavyo 800,000. Kabla ya nafasi hiyo na nyinginezo ndogo kujazwa na chochote kijacho, kila chuo na kiandike kanuni zake za uteuzi na kuzitangaza, kitenge kila mwaka fungu lisiloguswa kwa kazi za Kiswahili na za nchi hii, na kimpe mkutubi idhini kamili ya kukataa hiba isiyofaa, bila kuhofia kuitwa mtovu wa shukrani.