Usiikate stempu hiyo!

MSOMAJI mpenzi, kabla hujalikunja gazeti hili, hebu kaangalie lile kasha la barua ambalo mama au nyanya ameliweka chini ya kitanda. Huenda humo mna picha ya mtakatifu na hakuna mtu nyumbani anayejua.

Sikutanii. Likizo iliyopita tulimtembelea shangazi yangu karibu na Runyenjes, Embu. Mwanangu, mwenye umri wa miaka 11, alikuwa ameagizwa na mwalimu apeleke stempu za zamani. Shangazi akamtolea mkebe wa majani chai uliojaa barua, kisha akaingia jikoni. Aliporudi alimkuta kijana ameshika mkasi, bahasha moja imeshaanza kukatwa pembeni.

"Wacha!" Sijawahi kumsikia shangazi akipaza sauti namna ile.

Stempu yenyewe ilikuwa ya senti 30. Ina picha ya Papa Paulo wa Sita na milima ya Ruwenzori, pamoja na majina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Wakati huo shirika la posta lilikuwa moja kwa nchi zote tatu, hivyo stempu ya mgeni wa Kampala ilibandikwa barua za Meru na Embu pia. Papa huyo alizuru Uganda kuanzia Julai 31 hadi Agosti 2, 1969, akiwa Papa wa kwanza wa zama zetu kuzuru Afrika. Alifika Namugongo kuwaenzi wafiadini 22 wa Uganda, ambao yeye mwenyewe aliwatangaza watakatifu mwaka 1964.

Wafiadini hao walipata stempu za Vatican mwaka 1965, tayari wakiwa watakatifu. Lakini hii ya 1969 ilikuwa ya kumkaribisha mgeni tu. Kanisa halina haraka katika mambo haya: Paulo wa Sita alifariki 1978, akatangazwa mtakatifu Oktoba 14, 2018. Vivyo hivyo Yohane Paulo wa Pili. Posta ya Kenya ilitoa stempu za ziara yake ya Mei 1980, naye akatangazwa mtakatifu Aprili 27, 2014. Naam, watu walizilamba stempu za watakatifu wawili, wakazigonga kwa ngumi ili zishike, bila habari!

"Cucu, kwa hivyo stempu hii imebarikiwa?" kijana akauliza, mkasi ameuficha mgongoni.

Shangazi hakumjibu. Aliigeuza bahasha, akatoa karatasi. Ilikuwa barua ya dada yake mkubwa, shangazi yangu ambaye sikumwona, aliyekuwa akifanya kazi Nkubu, upande wa Meru. Anauliza kama mahindi yameota, na anaahidi kuja Krismasi. Hakuja. Alifariki akijifungua, mwanzoni mwa Desemba 1969. Barua haina tarehe. Siku aliyoituma inajulikana kwa mhuri wa posta peke yake, na mhuri huo umegonga nusu kwenye stempu, nusu kwenye bahasha.

Basi wewe mwanafunzi unayekusanya stempu, usikimbilie mkasi. Stempu kama hiyo ikiwa peke yake haitakutajirisha. Wakusanyaji wengi huona afadhali bahasha nzima yenye mhuri unaosomeka. Ukilazimika kuibandua, kata karatasi kuizunguka, uiloweke katika maji ya vuguvugu hadi iachie yenyewe. Usiikwangue kwa kucha, wala usiiguse kwa selotepu. Na kabla ya yote hayo, muulize mwenye barua.

Mwanangu aliichora stempu ile kwa kalamu za rangi, milima na yote, akapeleka mchoro shuleni. Papa wake ana masikio makubwa kidogo. Mkebe sasa uko juu ya kabati la shangazi, na mkasi umo humo humo ndani.