Kijibwa cha Tajiri na Bweha wa Chicago

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na wivu, tuzungumzie mbwa. Usicheke. Kuna kibarua cha mtu kiko hatarini hapa.

Msomaji wetu mmoja, binti wa Kinondoni ambaye siku hizi yuko Unyamwezini, nje kidogo ya jiji la Chicago, kanitumia ujumbe. Kazi yake ni kumtunza bibi kizee wa Kizungu anayeishi peke yake. Ndani ya kazi hiyo yumo na mbwa: kijibwa cha kilo 4, cheupe pee, kina kitanda chake, na baridi ikizidi kinavalishwa sweta. Sasa kijibwa cha jirani kimenyakuliwa uani usiku, na aliyekinyakua si mwizi. Ni koyote. Binti anauliza: hiki cha tajiri kikiliwa kwenye zamu yangu, si nafungashiwa virago? Na huyo mnyama nikikutana naye njiani, nikimbie?

Dada, jibu la haraka ni hili: usikimbie. Mengine kaa kitako nikueleze.

Koyote, kwa sisi wa huku, mchukulie kuwa ni binamu wa bweha. Umbo la mbwa mwembamba, masikio yamesimama, mkia umejaa manyoya na unaning'inia chini, uzito wake kama kilo 9 hadi 20 hivi. Zamani makazi yake yalikuwa zaidi kwenye nyika za katikati na magharibi ya Amerika Kaskazini. Walowezi wakawamaliza mbwa mwitu, wakafyeka misitu, naye akaona mlango uko wazi. Leo yupo kwenye majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, na mjini anakaa kama mzaliwa. Hapo hapo Chicago, Aprili 2007, mmoja aliingia dukani wanakouza sandwichi, katikati ya jiji, mchana kweupe, akajilaza ndani ya friji la vinywaji. Akatulia humo mpaka watu wa jiji wanaohusika na wanyama walipokuja kumchukua. Si stori ya kijiweni hiyo, ilitokea.

Sasa usije ukadhani kila koyote ni jambazi. Mtaalamu Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia koyote wa eneo la Chicago tangu mwaka 2000. Wanawakamata, wanawavisha kola zenye redio, wanawaachia, kisha wanaangalia wanakwenda wapi na wanakula nini. Wamekuta kwamba wengi wanaishi pua na mdomo na watu bila ugomvi na mtu. Wanakula panya, sungura, matunda na nyama ya kulungu. Mnyama wa kufugwa ni sehemu ndogo sana ya chakula chao. Wanatembea usiku watu wakiwa wamelala. Na kinachowaua zaidi hapo mjini ni magari.

Kama ni hivyo, kijibwa cha jirani kimeliwa kwa nini? Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni tumbo. Kilo 4 za manyoya gizani hazina tofauti na sungura. Koyote haangalii sweta.

Ya pili ni nyumba yake. Koyote hupandana kati ya Januari na Machi, watoto wanazaliwa Aprili au Mei. Hapo baba na mama wote wanalinda shimo lao, na mbwa yeyote anayesogea, awe mdogo awe jitu, anahesabiwa ni adui. Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa naye asijigambe.

Huko kuna watu wanaoapa kwamba koyote humlaghai mbwa, anamchezea chezea kisha anampeleka kwa genge lake. Wataalamu hawakubali. Wanasema mara nyingi mbwa ndiye anayeanza kumfukuza, koyote anatimua kuelekea kwao, na mbwa anakuja kushtuka yuko ugenini, peke yake, kazungukwa. Ni kama mshkaji anayemkimbiza kibaka mpaka ndani ya uchochoro wa vibaka. Atakayemwonea huruma nani?

Basi dada, shika haya.

Uani kijibwa kisitoke peke yake, hata dakika mbili, hasa usiku na alfajiri. Washa taa, toka wewe kwanza, angalia kila kona, ndipo kitoke kikiwa kwenye kamba. Uzio usikupe usingizi. Koyote anaparamia na anachimba. Uzio wa maana ni wa futi 6 kwenda juu, chini una wavu uliofukiwa asipate pa kuchimba, na juu una roli linalozunguka, ili akitaka kushika ateleze arudi alikotoka. Na kama nyumba ya tajiri ina ule uzio wa waya uliofukiwa ardhini, unaomshtua mbwa kupitia kola yake, jua kwamba huo unamzuia mbwa tu. Koyote hajavaa kola, anapita kama kwake.

Mkienda kutembea, tumia kamba fupi, kama mita 2 hivi. Zile kamba za kujivuta zinazorefuka mpaka mbwa yuko kona nyingine, achana nazo. Mbwa akiwa mbali nawe, koyote anamwona yuko peke yake.

Ukikutana naye, simama. Kinyanyue kijibwa ukikumbatie, lakini macho yasitoke kwa koyote na mgongo usimpe. Jifanye mkubwa: inua mkono, piga kelele, puliza filimbi, tikisa kopo lenye sarafu. Mayowe ya Kinondoni usiyaonee haya, ndiyo siku yake! Akisita, msogelee hatua moja ukizidi kupiga kelele, mpaka aondoke kabisa. Ukinyamaza akiwa bado amesimama, umemfundisha kwamba kelele zako ni maneno matupu. Ila kama yuko na watoto, au anaonekana mgonjwa, usimchokoze. Rudi nyuma taratibu ukimtazama, ukatafute njia nyingine.

Kijibwa kikishang'atwa, hata kama unaona tundu dogo tu la jino, kipeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana jeraha la meno hujificha chini ya manyoya. Na uking'atwa wewe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali. Kichaa cha mbwa hakina mchezo: dalili zikishatokea, mtu anaponea kwa bahati ya ajabu tu. Hakikisha chanjo ya kijibwa haijapitwa na tarehe.

Sasa nije kwenye kiini, na hapa ndipo kibarua chako kilipo. Koyote haji uani kwa sababu ya kijibwa. Anakuja kwa sababu kuna mtu amemwalika. Bakuli la chakula cha mbwa limelala nje. Matunda yameanguka chini ya mti hayaokotwi. Pipa la taka halina mfuniko. Nafaka za kulisha ndege zinaita panya, panya wanamwita koyote. Kibaya zaidi, kuna wale wenye roho nzuri wanaomtupia mapande ya kuku wakimpiga picha. Huyo anayemlisha ndiye anayemchimbia kaburi. Koyote akizoea mkono wa mtu anaanza kuwasogelea watu, watu wanapiga simu, naye anauawa. Baada ya muda mwingine anahamia pale pale, maana chakula bado kipo. Ameuawa mnyama, na tatizo halijahama.

Kwa hiyo dada, usingoje msiba. Zungumza na bibi mapema. Najua kazi za ndani zina adabu zake. Mfanyakazi hamkaripii tajiri. Lakini bibi wa watu ana mwenzake mmoja tu ndani ya nyumba, na ni huyo wa kilo 4. Usimwambie "unakosea". Mwambie, "Bibi, kijibwa cha jirani kimeliwa na mimi chetu nakipenda. Naomba usiku mlango wa nyuma niwe naufungua mimi tu, na bakuli liingie ndani kabla ya giza." Hakuna mwajiri mwenye akili atakayemfukuza mtu kwa maneno hayo. Akikubali, muulize pia kama jirani anaweza kuambiwa habari ya pipa lake. Uani wenu pekee ukiwa msafi, koyote bado anao mtaa mzima.

Na ninyi washkaji wa hapa Bongo mnaocheka habari za sweta, hebu nyamazeni kidogo. Simba wako anayelinda geti usiku kucha, wewe ukikoroma ndani, alichanjwa lini? Huku kwetu kichaa kinasambazwa zaidi na mbwa wenyewe, na bweha wetu nao hawamo nje ya orodha. Mzungu anamvalisha wake sweta. Wewe wako humvalishi hata mnyororo wa kueleweka, anazurura majalalani mpaka alfajiri, kisha watoto wanamshika kichwa. Kabla ya kumcheka bibi wa Chicago, mtafute kwanza daktari wa mifugo wa kata yako.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, maana barua za walioachwa zimejaa mezani. Kwaherini kwa sasa.