Chombo Kwanza, Nahodha Baadaye

Mwombe mwanafunzi yeyote wa sekondari akutajie wasafiri mashuhuri wa baharini. Atakupa majina mbio mbio: Columbus, da Gama, Magellan, Cook, na akiwa msomaji ataongeza Zheng He wa China. Sasa mwulize walisafiri kwa chombo gani. Atajibu "kwa merikebu", na hapo maongezi yamekwisha. Hana kosa, kwani ndivyo alivyofundishwa. Katika vitabu vingi nahodha husimama omoni akitazama upeo wa macho, na chini ya miguu yake pana mbao tu zisizo na habari.

Toleo hili limepangwa kinyume. Tumeanza na vyombo, na manahodha tumewapa nafasi pale chombo kinapowahitaji. Baadhi ya wasomaji watalalamika kwamba tumewashusha watu wakubwa. Jibu letu ni kwamba kila aina ya chombo iliundwa kwa sababu ya hofu fulani. Fundi hapanui tumbo la jahazi wala haongezi taruma bila sababu. Ukijua wenye chombo walihofia nini, utajua walitarajia nini huko waendako, na mara nyingine utajua hata mahali watakapokwama.

Chukua karaveli. Wareno wa karne ya 15 hawakuwa na shida ya kwenda kusini. Pepo za pwani ya Afrika Magharibi hutoka kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na humfikisha mtu Senegal bila taabu. Taabu ilikuwa kurudi. Karaveli ilikuwa chombo chembamba, chepesi, chenye asili katika mashua za wavuvi, na matanga yake ya pembetatu yaliweza kwenda bisho, yakiukata upepo huku na huku hadi nyumbani. Mwaka 1492 Columbus alipofika visiwa vya Kanari, alijua kwamba kuanzia pale upepo utamjia kutoka tezi, basi karaveli yake moja ikavuliwa matanga ya pembetatu na kuvikwa ya mraba. Chombo chake kikubwa, Santa María, kilipanda fungu huko Haiti usiku wa kuamkia Krismasi na hakikutoka tena. Aliyepewa cheo cha Amiri wa Bahari Kuu alirudi Hispania ndani ya kile kidogo, Niña.

Karaveli ilikuwa na dosari moja: ngama yake haikubeba chakula cha kutosha. Bartolomeu Dias alilitambua hilo aliposafiri na karaveli mbili, pamoja na chombo cha akiba, akaizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Aliporudi alipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa merikebu mbili za safari iliyofuata, São Gabriel na São Rafael. Akazijenga nene, zenye tumbo pana na matanga ya mraba kwenye milingoti mikubwa, maana alikwisha kuonja dhoruba za Rasi hiyo ya kusini. Amri ya safari akapewa mtu mwingine, Vasco da Gama. Dias mwenyewe alizama mwaka 1500 katika dhoruba ya Atlantiki ya Kusini, akiwa nahodha wa chombo kimoja katika msafara wa Mreno mwenzake, Cabral.

Lakini ikiwa ni lazima nichague chombo kimoja cha kutetea hoja hii, nitachagua kile kilichobeba makaa ya mawe. James Cook alijifunza ubaharia Whitby, kaskazini mwa Uingereza, katika vyombo vilivyopeleka makaa London. Vilikuwa vipana, vizito, vya mwendo wa kobe, na chini vilikuwa bapa ili maji yakipwa vikae wima juu ya matope, vipakuliwe, kisha maji yakijaa yavinyanyue. Hakuna afisa wa Jeshi la Wanamaji aliyeota kupata umaarufu ndani ya kitu kama hicho. Hata hivyo mwaka 1768 jeshi hilo lilinunua chombo cha namna hiyo kilichoitwa Earl of Pembroke, kilichoundwa Whitby mwaka 1764, likakibatiza Endeavour na kumkabidhi Cook. Hofu safari hii ilikuwa pwani isiyo na ramani. Anayekwenda mahali asipojua kina cha maji anahitaji chombo kinachoweza kugusa chini na kuishi.

Usiku wa tarehe 11 Juni 1770 Endeavour ilipanda mwamba wa matumbawe kaskazini mashariki mwa Australia. Mabaharia walitupa baharini mizinga sita, farumi na kila kizito kilichoweza kutupwa. Maji yalipojaa usiku uliofuata ikaelea, nao wakapitisha chini yake tanga lililoshonewa sufu na nyuzi za kamba kuukuu ili livutwe na maji na kuziba tundu. Kisha wakaipandisha ufukweni, kwenye mdomo wa mto ambao sasa una jina la chombo hicho, na kukaa karibu wiki saba wakiitengeneza. Walipoikagua walikuta kipande cha tumbawe kimekwama katika tundu kubwa kuliko yote, kimelizuia kama kizibo. Bahati, bila shaka. Lakini kule kupandishwa ufukweni na kulazwa pale kwa majuma bila kuvunjika mkuku kulikuwa kazi ya mafundi wa Whitby. Cook alilielewa hilo kuliko waandishi wa maisha yake. Katika safari yake ya pili, ambamo aliivuka Duara ya Antaktiki mwezi Januari 1773, alitaka tena vyombo vya Whitby, akavipata.

Barafu nayo ina vyombo vyake. Fridtjof Nansen wa Norwe alisoma habari za mabaki ya Jeannette, meli iliyopondwa na barafu kaskazini mwa Siberia mwaka 1881 na vipande vyake vikaonekana Greenland miaka mitatu baadaye. Akaona kwamba barafu yenyewe inasafiri, basi yafaa kuipanda. Fundi Colin Archer akamjengea Fram, iliyozinduliwa mwaka 1892, yenye ubavu wa mviringo ili barafu ikiibana iinyanyue juu. Ilisukwasukwa vibaya sana kwenye maji wazi, lakini ilikaa ndani ya barafu kuanzia 1893 hadi 1896 na ikatoka nzima. Endurance, meli ya mvumbuzi Shackleton, haikuwa na umbo hilo. Ilipondwa na kuzama mwaka 1915.

Na huku kwetu? Da Gama alifika Malindi Aprili 1498 na merikebu ambazo Dias alizijenga kwa kuihofia Rasi. Huko akapewa rubani. Wengi bado hufundisha kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, jambo ambalo wanahistoria wengi wamelikataa. Kusi ilikuwa ikianza, na kwa siku 23 hivi wakawa wamevuka hadi Calicut, India. Wakati wa kurudi da Gama hakungoja. Aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, kusi ikiwa haijaisha, wakati ambao hakuna nahodha wa majahazi angethubutu kutweka tanga kuelekea Afrika. Kuivuka bahari ileile kulimchukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawaua watu wake wengi kiasi kwamba Januari 1499 hawakubaki wa kuendesha vyombo vyake vitatu. São Rafael ikachomwa moto kwenye mafungu ya Mtangata, kusini mwa Mombasa. Ilijengwa kupambana na dhoruba, wakati Bahari ya Hindi ilidai kalenda. Jahazi lenye foromali ndefu na tanga moja kubwa ni zito kulipeleka bisho, na wenyewe hawakusumbuka nalo, kwa kuwa kaskazi na kusi hupokezana kila mwaka.

Ndiyo maana katika toleo hili tumeuweka mtepe sawa na karaveli na Endeavour, ingawa hatuna jina la nahodha hata mmoja wa kuambatanisha nao. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Wazungu wengi waliouona waliandika kwamba ni chombo dhaifu kinachovuja. Kuvuja, kilivuja kweli, na kuteka maji ngamani ilikuwa kazi ya kila siku. Lakini ubavu ulioshonwa unapogonga fungu hulegea na kurudi, pale ambapo uliopigwa misumari ungepasuka, na mwambao wa Lamu umejaa mafungu. Mitepe ilibeba boriti na nafaka hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ikaisha bila mtu kuandika daftari la safari. Cook aliandika kila siku. Tofauti hiyo ya kalamu ndiyo iliyogawa sifa tunazozirithi, na kwa mtepe tumelazimika kusoma mishono yenyewe.